Kwa Treni Hadi Newcastle, Nikisikiliza Maneno Madogo

Katika mtaa wa Aldwych, katikati ya London, kuna mahali pawili ambapo mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu ya kusimama. Pa kwanza ni Bush House, jengo la mawe lenye nguzo ndefu, ambamo kwa miaka mingi Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa ikirusha matangazo yaliyofika hadi vibarazani kwetu. BBC ilihama mwaka 2012, na sasa humo wamo wanafunzi wa chuo kikuu. Pa pili ni ng'ambo ya barabara, ukiingia Houghton Street: chuo cha London School of Economics, alikosoma Jomo Kenyatta miaka ya 1930. Mwalimu wake aliitwa Bronisław Malinowski, mtaalamu wa mila za watu mwenye asili ya Poland, na ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha Kenyatta, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938.

Safari yangu niliianzia hapo kwa ajili ya huyo mwalimu. Mwaka 1923 Malinowski aliandika kwamba yapo mazungumzo ambayo kazi yake si kupashana habari. Watu wanaulizana hali, wanataja mvua na jua, wanasema jambo ambalo kila mmoja analiona kwa macho yake. Na yote hayo ni kuwakutanisha waliokutana, ili ukimya usije ukaonekana uadui. Alikuwa ameishi na watu wa visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, lakini alisema wazi kwamba hata Wazungu kwenye kumbi zao ndivyo wanavyofanya. Mtu wa pwani yetu hana haja ya kusoma kitabu ili alijue hilo. Jirani anayekupita asubuhi bila kukuuliza umeamkaje, ameshakwambia kwamba kuna jambo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza cha mazungumzo, darasa la jioni, Dar es Salaam. Wanafunzi wangu ni wauguzi, mabaharia, watu wa hoteli, na vijana waliopata nafasi za kusoma nje. Wamefaulu mitihani, sarufi wanaijua kunishinda mimi nilipokuwa na umri wao. Lakini wakifika Uingereza wananitumia ujumbe ule ule: mwalimu, maneno nayajua yote, mbona mazungumzo yananipita? Wengine wanaongeza kwamba watu wa huko hawana salamu. Nilitaka kwenda kusikiliza kwa masikio yangu, na dada yangu, muuguzi huko Newcastle, alikuwa amenialika siku nyingi.

Jibu la kwanza nililipata palepale Aldwych, kwenye foleni ya kahawa. Muuzaji alimtazama kijana aliyekuwa mbele yangu akasema, “You alright?” Kijana akajibu, “Yeah, you?” na kabla sauti haijatua akawa ameshaagiza. Hakuna aliyengoja habari ya mwenzake. Nilipofika mimi, swali likawa lile lile, na safari hii maana yake ilikuwa: karibu, nikusaidie nini? Kwetu darasani mtoto husimama na kuimba, “I am fine, thank you teacher, and how are you?” Sentensi hiyo haina kosa. Tatizo ni urefu wake. Anayeisema yote dukani anashikilia mlango ambao wenzake wanaupita kwa kusukuma kwa bega. “Yeah, you?” inatosha, “Not bad, thanks” inatosha. Anayetaka kujua hali yako kwa dhati atauliza mara ya pili, taratibu zaidi, mkiwa mmekaa, na mara nyingi atatia neno moja la kuonyesha kwamba sasa anauliza kweli: “How are you, really?”

Basi wanasalimiana. Ila nilivyozidi kuwasikiliza ndivyo nilivyoona kwamba adabu ambayo sisi tunaimimina mwanzoni, kwenye salamu, wao wameigawa na kuiweka mahali pengine: kwenye kushukuru, kwenye kuomba radhi, kwenye namna ya kuomba kitu, na kwenye kuagana. Mgeni anayeitafuta mlangoni haioni, akahukumu kwamba haipo.

Bristol adabu hiyo niliiona wazi. Kutoka stesheni ya Paddington ni mwendo usiofika saa mbili, na mji ule una mabasi ambayo, kama ilivyo katika miji mingi nje ya London, abiria hushuka kwa mlango wa mbele, ubavuni mwa dereva. London hushukia mlango wa kati, dereva yuko mbali. Bristol kila anayeshuka anampita dereva, na kila anayempita anasema, “Cheers, drive.” Wazee, watoto wa shule, vijana waliovaa visikizi masikioni, wote. Msemo huo umekuwa alama ya mji, hata unaukuta umechapwa kwenye vikombe na fulana. Nilikaa viti vya mbele kwa makusudi, nikaacha kituo changu kipite ili niendelee kusikiliza. Hakuna kituo ambacho dereva hakushukuriwa. Nikafikiria daladala zetu, ambamo neno pekee ambalo dereva hulisikia kutoka nyuma ni “Shusha!”, mbali na kukaripiwa akikimbiza gari. Nitasema ninavyoamini: katika hili Bristol wametuzidi, na si aibu kujifunza.

“Cheers” inahitaji uangalifu, kwa kuwa inafanya kazi nyingi. Wanagonganisha glasi wakaisema. Ukimshikia mtu mlango, ataisema kama asante. Akimaliza kuongea na simu, ataisema kama kwaheri. Kaskazini utasikia pia “Ta”, asante fupi kuliko zote. Ofisini kwa mtu usiyemjua, au mbele ya daktari, “Thank you” yenyewe ndiyo salama.

Halafu kuna “Sorry”. Mwandishi na mtafiti Kate Fox, aliyetoa kitabu chake Watching the English mwaka 2004, aliwahi kuwagonga watu kwa makusudi kwenye vituo na mitaa yenye msongamano ili asikie watasema nini. Wengi wa waliogongwa walimwomba yeye radhi. Nililiona jambo hilo kwa macho kwenye lango la stesheni: bwana mmoja alikanyagwa mguu, na “Sorry” ya kwanza ikatoka kwake. Wanaitumia kupita katikati ya watu, kumwita mhudumu, kuanza swali, na kumwambia mtu kwamba hukumsikia. Wanachokosa ni matumizi yetu sisi. Mwenzetu akijikwaa, tunasema pole, na kwa Kiingereza tunasema “Sorry”, na Mwingereza anashangaa: kwani wewe ndiye uliyeweka lile jiwe? Atakujibu, “It's not your fault.” Hajakukataa. Mfundishe mwanafunzi aseme “Are you okay?” na pole yake itafika ilikokusudiwa.

Stesheni ya Bristol Temple Meads ilifunguliwa mwaka 1840 kwa ramani za mhandisi Isambard Kingdom Brunel, na kutoka hapo ipo treni inayokata nchi kuelekea kaskazini mashariki: Birmingham, Derby, Sheffield, Leeds, York, Durham, hadi Newcastle, mwendo wa saa tano hivi. Sijawahi kukaa katika darasa zuri kuliko behewa lile. Watu wanapanda, wanashuka, kila anayepanda lazima aombe kitu: kiti, nafasi ya begi, njia.

“Is anyone sitting here?” aliuliza mama mmoja mwenye koti la mvua, akionyesha kiti cha kando yangu, ambacho mtu yeyote angeona ni kitupu. Anajua ni kitupu. Anaomba ruhusa ya kuwa jirani yangu. Unajibu, “No, go ahead.” Zingatia hiyo “No”. Alipokaa akaninyooshea kikapu chake na kusema, “Do you mind if I put this here?” Na hapo ndipo watu wetu wengi wanapoteleza, kwa sababu moyo mwema unawaharakisha kusema “Yes, yes!” Swali lenyewe linauliza kama utaudhika. Ukisema “Yes”, umesema ndiyo, nitaudhika, na mama wa watu atachukua kikapu chake akiwa amenywea. Ruhusa hapa ni “No, not at all.” Hata mkono wako ukiwa unaonyesha karibu, ulimi useme “No”.

Jambo hili lina ndugu yake. Ukiniuliza kwa Kiswahili, “Hujala?” nami sijala, najibu “Ndiyo, sijala,” nikikubali kwamba ulivyodhani ndivyo. Kwa Kiingereza ukiulizwa, “You haven't eaten?” nawe hujala, jibu ni “No, I haven't.” Wao hawalijibu swali, wanalijibu tukio: kula hakukuwapo, basi “No”. Kwenye treni kosa hilo litakugharimu sandwichi. Dada yangu alikuja kunieleza linavyoweza kugharimu wodini, mgonjwa anapotakiwa asile kabla ya upasuaji na muuguzi anamwuliza mwenzake, “He hasn't eaten, has he?” Natamani kila mwalimu wa Kiingereza Afrika Mashariki atenge wiki nzima kwa hilo, hata ikibidi aahirishe orodha ya vitenzi.

Yule mama hakunyamaza. Tulipotoka Birmingham akatazama dirishani akasema, “Bit grey, isn't it?” Mawingu yalikuwa yamelala juu ya mapaa. Niliitika, “It is, isn't it,” naye akageuka kunitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kate Fox anaeleza kwamba sharti la mazungumzo ya hali ya hewa ni kukubaliana. Anayeitaja hakukuletea hoja ya kupimwa. Ukimwambia kwamba kwetu mvua ni baraka na kwamba leo si baridi sana, umekataa mkono ulionyooshwa. Kubali kwanza, kisha ongeza chako. Mimi niliongeza kwamba natoka mahali penye joto kali, naye akafungua mlango wote: mtoto wake aliwahi kufika Zanzibar, yeye mwenyewe magoti hayamruhusu kupanda ndege ndefu, mume wake alifariki, kikapu kilikuwa na keki ya mjukuu. Yote yale yalikuwa yamekaa nyuma ya wingu moja.

Kabla hajashuka aliniomba nimshushie mfuko wake kutoka juu: “You couldn't reach that down for me, could you?” Ukiifuata sentensi hiyo kwa neno, anasema nisingeweza. Kukanusha huko ndiyo heshima yenyewe; ameniachia njia pana ya kukataa. Sisi tuna “naomba”, neno zuri kuliko yote ya dukani, ambalo likitangulia linalainisha kila kinachofuata. Kijana wa Tanga au Mombasa anajua kabisa kwamba “nataka chai” na “naomba chai” haviko sawa. Lakini akivuka kwenda Kiingereza anaiacha “naomba” forodhani na kubaki na “I want tea”, au “Give me tea, please”, akiamini “please” imelipa deni lote. Haijalipa. Amri yenye “please” ni amri bado. “Could I have a tea, please?” ndiyo naomba yao. Naamini mtu akijua hii moja tu, watu watamwona mwingine kabisa.

Derby nilibadilisha treni, nikaenda Nottingham kwa nusu saa kwa ajili ya maneno mawili tu. Sikungoja. Mwanamke aliyekuwa akipanga maua nje ya duka aliinua kichwa akasema, “Ey up, me duck.” Duck ni bata. Kule East Midlands bata ni kila mtu: mwanamume, mwanamke, mzee, mgeni, dereva, polisi. Bristol niliitwa “my lover” na bibi aliyeniuzia andazi, Leeds kila duka ni “love”, na Newcastle watakuita “pet” au “hinny”. Kijana anayetoka kwetu anaweza kusikia “my love” kwenye kaunta akabeba tafsiri isiyokuwapo. Mapenzi hayamo. Kiingereza hakina desturi yetu ya kumwita usiyemjua kaka, dada, shangazi, mjomba au mama, na watu wa mikoa hiyo wamejitengenezea zao. Ni undugu wa kupewa papo hapo, na ulinigusa kila mara. Ushauri wangu ni kuupokea kwa tabasamu na kutourudisha haraka. Neno “love” mdomoni mwa muuza mkate mwenye miaka 60 ni jambo moja, mdomoni mwa kijana mgeni akimwambia msichana ofisini ni jambo jingine. Wenyewe wamezaliwa nalo. Wewe kaa kwanza.

Newcastle nilifika jioni, daraja la chuma la Tyne likiwa limewashwa taa. Dada alinipokea stesheni kwa salamu zetu ndefu, nyumbani, watoto, wazee, mvua za huko, mpaka waliokuwa nyuma yetu wakaanza kusema “Sorry” na kutupita. Ameuguza katika mji huo miaka mingi, wodi ya wazee. Nilipomsimulia niliyoyasikia njiani alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, “Kaka, hayo ya foleni ni mazuri. Lakini wanaokuja kwetu kazini wafundishe kwanza kusikia maumivu.”

Akanieleza. Mzee wa Kiingereza amevunjika nyonga, unamwuliza asubuhi anajisikiaje, anakujibu, “Not too bad, pet.” Muuguzi mgeni anaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Mzee yule hakusema anaendelea vizuri. Amesema anavumilia. “Mustn't grumble” ni kauli ya mtu ambaye huenda ana mengi ya kulalamikia. “A bit sore” inaweza kuwa maumivu ya kumnyima usingizi. “I don't want to be a bother” inatoka kwa mgonjwa ambaye amekaa na kengele mkononi usiku kucha bila kuibonyeza. Kizazi kile kimelelewa kuona kulia shida mbele ya mgeni ni kukosa haya, na haya hiyo wanaingia nayo hadi kitandani mwa hospitali. Kwetu mgonjwa akiulizwa atataja kila kiungo, na jamaa waliomzunguka wataongeza alichosahau. Kule jamaa hawapo muda wote, na maneno ni haba.

Ndiyo maana, dada alisema, hospitali zinauliza kwa namba: kutoka sifuri hadi 10, maumivu yako ni ngapi? Mgonjwa yule yule aliyesema “Not too bad” anatulia kidogo, anasema nane. Namba haina haya. Lakini kabla ya kufika kwenye namba muuguzi lazima awe ameshuku lile jibu la kwanza. Ninapolifikiria hili naona uzito wa kazi tunayoiita kwa wepesi Kiingereza cha mazungumzo. Mtu anaweza kulala na maumivu ya nane usiku kucha kwa sababu mwanafunzi wangu alimwamini.

Aliniongezea mengine, nami nikaandika. “Poorly” ni mgonjwa; daktari akiwaambia jamaa kwamba mtu ni “very poorly”, wajiandae. “Spend a penny” ni kwenda msalani, masalio ya siku ambazo vyoo vya umma vilifunguka kwa sarafu ya peni moja. Bibi wa miaka 90 akilisema, usimletee pochi. “Would you like to pop onto the bed for me?” ni agizo, na mgonjwa anajua hivyo, ila heshima yake imelindwa.

Tulizungumza pia kuhusu msiba, kwani mfanyakazi mwenzake alikuwa amefiwa na mama yake. Kwetu tungekuwa tumeshajaa uani, masufuria jikoni, mikeka imetandikwa. Kule unasema, “I'm so sorry for your loss,” unaandika kadi, na huendi nyumbani bila kualikwa. Wengi huongeza, “If there's anything I can do,” na mfiwa hujibu “That's very kind” bila kuomba lolote. Dada hakuridhika na hapo. Alimtumia ujumbe kwamba siku ya Jumapili ataacha chakula mlangoni, asisumbuke kufungua. Mwenzake alifungua, wakakaa jikoni mpaka usiku. Nilimwuliza kama hakuvunja desturi ya watu. Alisema aliomba kwanza, akataja siku, na akaacha nafasi ya kukataliwa. Yaani aliufanya ukarimu wa kwetu kwa Kiingereza kizuri.

Siku za mwisho majirani walikuja kunywa chai, mume na mke wanaoishi nyumba ya tatu. Hapo ndipo nilipoona Waingereza wakifanya kile tunachofanya sisi kwenye salamu. Mume alijipiga magoti kwa viganja akasema, “Right,” na hakuna aliyeinuka. Maongezi yakaendelea. Baada ya muda mke akasema, “Right, then, we'd best be off,” wakasimama, na sebuleni wakafungua habari ya paa linalovuja. Ukumbini wakavaa makoti huku wakiuliza shule ya watoto. Mlangoni ikaja “Lovely to see you,” kisha “You must come round to ours,” ambayo haijawa mwaliko mpaka itajwe siku, kisha “Take care,” “Mind how you go,” “See you later,” na kutoka getini wakageuka kupunga mikono na kuanza tena: “Ta-ra, pet!” Hata “Goodbye” yao ilizaliwa na dua, Mungu awe nawe, ikafupishwa na midomo ya karne nyingi.

Dada alifunga mlango, nami nikamwuliza mgeni wa nchi anajuaje wakati wa kuwasindikiza. “Hesabu ‘Right’,” alinijibu akikusanya vikombe. “Ukisikia ya kwanza, tulia. Ukikimbilia koti lake utakuwa umemfukuza. Ya pili ikitoka, simama naye, lakini maji yaache jikoni yachemke, maana bado yupo.”